Usihame kwa kufuata asilimia ya ukosefu wa ajira: yaliyonikuta Sioux Falls

Mkuu mleta mada, usitoe notisi ya nyumba. Salamu tutapeana baadaye.

Umesema uko Dallas, kazi yako ni usalama wa mifumo ya kompyuta, umeona kiwango cha ukosefu wa ajira cha Ames, Iowa ni kama nusu ya cha Dallas, kwa hiyo mwezi ujao unahama na familia. Halafu unauliza habari za shule za watoto na gari la kuhimili theluji. Nimesoma nikajiona mimi mwenyewe, tofauti ni kwamba wakati ule nilikuwa bado nina nywele.

Mwaka 2016 nilikuwa Houston, nachora michoro ya mabomba ya viwanda vya mafuta. Pipa la mafuta lilikuwa limeporomoka kutoka zaidi ya dola 100 katikati ya 2014 hadi chini ya 30, ofisi ikapunguza watu, na mimi nikiwemo. Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na jamaa mmoja, bingwa wa kurusha video za "miji bora ya kuhamia". Akanitumia orodha: Houston inazungukia asilimia 5, Sioux Falls, South Dakota haifiki 3. "Huko waajiri wanagombania watu, kaka, wewe unangoja nini?" Baadaye sana nikagundua kwamba yeye alikuwa Atlanta miaka kumi, hajawahi kuhama hata mtaa. Mungu anamuona.

Nikavunja mkataba wa nyumba, kodi ya miezi miwili ikaenda pamoja na dhamana. Nikauza makochi kwa bei ya kutupa, nikakodi lori, nikaendesha zaidi ya maili elfu moja na mke pembeni kimya. Kile kimya mnakijua wenye ndoa.

Kweli waajiri walikuwa wanagombania watu. Walikuwa wanataka manesi, madereva, watu wa kupokea simu za kadi za benki, na watu wa kukata nyama. Ofisi mbili nilizopiga hodi zilikuwa zinachora maghala na barabara. Nikamweleza bosi wa kwanza habari za mabomba ya kiwanda cha kusafishia mafuta, akanitazama kama nimekuja kumuuzia ngamia. Eneo zima lile ni watu laki tatu hivi, Houston ni zaidi ya milioni 7. Hata ile 5 ya Houston ilikuwa na nafasi nyingi za fani yangu kuliko ile 2 na ushee niliyoikimbilia.

Sasa sikiliza sehemu inayouma. Kwa hesabu za BLS, yaani ofisi ya takwimu za kazi ya Marekani, mtu asiye na ajira ni yule ambaye hana kazi, yuko tayari kuanza, na ametafuta ndani ya wiki nne zilizopita. Mwezi wa tatu tangu nifike nilikata tamaa, nikalala kwenye kochi la kuazima bila kutuma ombi lolote. Pale nikatoka kabisa kwenye hesabu ya wasio na ajira: sina kazi, lakini asilimia ile hainioni. Baadaye nikaingia kiwanda cha nyama, zamu ya usiku. Pale nikahesabiwa nina ajira, kwa sababu hata saa moja ya malipo katika wiki ya hesabu inatosha. Hakuna anayeuliza kama wewe ni mchoraji au una digrii. Kwa hiyo mimi mwenyewe nikaanza kuipendezesha ile asilimia iliyoniingiza mkenge. Mama kutoka Tanga akauliza kwenye simu nafanya kazi gani, nikasema kiwanda cha nyama. Hakuuliza nyama gani. Na mimi sikuongeza neno.

Wadau mtasema kubeba boksi si aibu. Sawa, lakini boksi zilikuwepo Houston pia, na sikuhitaji kukodi lori kuzifuata.

Tena umelinganisha Dallas ya Januari na Ames ya Mei! Takwimu za maeneo ya miji kwenye taarifa ya BLS ya kila mwezi hazijasawazishwa kwa msimu, yaani kupanda na kushuka kwa majira hakujaondolewa. Yuma, Arizona kiwango hupanda kiangazi kwa sababu mavuno ya letasi ni majira ya baridi. Linganisha mwezi na mwezi uleule. Na hizo pointi ndogo ndogo usizililie, zinarekebishwa kila mwaka. Ames yenyewe ni mji wa chuo kikuu. Mwanafunzi asiye na kazi na asiyetafuta haingii kabisa kwenye asilimia hiyo.

Kwa hiyo fanya hiki, na mengine yote yasubiri. BLS hiyohiyo ina majedwali ya ajira kwa fani, kila eneo la mji na lake. Fungua la Ames, tafuta fani YAKO, uone ni watu wangapi wanaifanya pale na wanalipwa kiasi gani. Fungua na la Dallas, ziweke namba pamoja. Ukikuta nyota mbili badala ya namba, maana yake makadirio hayakutolewa, usijitungie ya kwako. Halafu hesabu matangazo ya kazi yako yaliyo wazi leo ndani ya mwendo unaoweza kuendesha kila asubuhi, Des Moines ikiwemo maana haiko mbali. Mimi jedwali hilo nililiona nikiwa nimeshafika, natumia intaneti ya maktaba, lori limesharudishwa.

Lete hizo namba mbili hapa kwenye uzi kabla hujaongea na mwenye nyumba. Na huyo aliyekutumia orodha, muulize yeye anaishi wapi.