Re: Sakafu ya mbao imeachia mianya baada ya kuwasha joto la chini

Habari mkuu. Kama nimekuelewa, umewasha mfumo wa joto chini ya sakafu, wiki chache tu mbao zimeachana na unauliza kama uzing'oe. Usizing'oe kwanza! Angalia joto la uso wa mbao zenyewe, sio la hewa ya chumba, lisizidi nyuzi 27, na angalia hasa chini ya zulia au kabati lililokaa chini kabisa maana hapo joto linajifungia. Kwangu tatizo lilikuwa hilohilo, themostati (kifaa cha kudhibiti joto) ilikuwa inasoma hewa tu, nikaweka kipima joto cha sakafuni nikawa napandisha joto kidogokidogo kila siku badala ya kuwasha kwa nguvu siku moja, na mianya mingi ikapungua hewa ilipopata unyevu tena.

Ila kama mbao zimeinuka kingo basi hiyo ni habari nyingine, huenda saruji ya chini haikukauka, pima unyevu wake kabla hujagusa kitu. Na mbao zako ni nzima (kipande kimoja cha mti) au za tabaka (tabaka kadhaa zilizobandikwa pamoja)? Nzima zinatanuka na kusinyaa sana, za tabaka zilizogandishwa sakafuni kwa gundi zinatulia na joto linapita vizuri. Mimi nina mfumo wa joto wa mabomba ya maji ya moto, wa umeme sijawahi kuutumia.