Kabla hujachora nyumba ya wazee, uliza chakula cha mchana kitaliwa wapi

Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii ya kupanga makazi ya wazee nilipeleka kikaoni michoro iliyonipa kiburi. Vyumba 40, bustani nyuma, sebule yenye dirisha refu. Bibi mmoja wa miaka 80 na ushee, aliyekaa safu ya mbele na mkongojo wake, akanyoosha mkono: "Kijana, barua zangu nitazichukulia wapi?" Kumbe nilikuwa nimeweka masanduku ya barua nje, kando ya maegesho, kama yalivyo kwenye nyumba zote za mtaa ule. Mwezi wa kwanza, theluji ikiwa magotini. Sikuwa na jibu.

Nawaandikia ninyi mnaoanza. Wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tukafikia Massachusetts, hasa Lowell ambako Wakenya ni wengi, tumeingia kwenye mambo ya wazee kwa mlango wa uhudumu: kuogesha, kulisha, zamu za usiku. Mimi nilipita hapo hapo kabla ya kuhamia upande wa kupanga, kwenye shirika lisilo la faida linalojenga makazi ya wazee katika miji midogo inayoizunguka Boston. Msidhani zamu zile zilikuwa miaka ya kupotea. Aliyewahi kumnyanyua mzee bafuni saa nane za usiku anajua juu ya upana wa mlango jambo ambalo msanifu majengo analisoma tu kwenye jedwali.

Jambo la kwanza ni kukubaliana mnazungumzia nini. Makazi ya pamoja ya wazee si hospitali wala si nyumba ya uuguzi. Hakuna muuguzi anayekesha. Kwa maana iliyozoeleka katika sheria za shirikisho, kila mkazi ana nyumba yake ndogo yenye ufunguo wake, kisha kuna chumba cha chakula cha wote na huduma kama usafi na usafiri. Mwaka 1978 Bunge la Marekani lilianzisha mpango maalumu wa kugharimia huduma hizo. Lakini katika nyumba za umma za jimbo la Massachusetts, neno lile lile humaanisha kitu kingine: una chumba chako cha kulala, ila jiko na sebule mnatumia pamoja na wenzako wachache. Nimewahi kukaa kikao cha saa mbili watu wakigombana, upande huu ukizungumzia aina hii na ule ukizungumzia ile, na hakuna aliyegundua mpaka mlinzi alipokuja kuzima taa.

Halafu utakutana na ardhi. Vitongoji hivi vilichorwa kwa ajili ya baba kijana mwenye gari na watoto: nyumba moja, kiwanja kimoja, duka liko mbali. Mwaka 1926 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya kijiji cha Euclid, Ohio, iliupa mji haki ya kutenga maeneo ya nyumba za familia moja, na hukumu yenyewe ililiita jengo la vyumba vya kupanga kupe tu anayenyonya hadhi ya mtaa. Maneno makali, na roho yake ungali unaisikia kwenye vikao, ingawa siku hizi watu husema "msongamano wa magari" au "sura ya mji wetu". Hapa kwetu ipo sheria ya mwaka 1969, inayojulikana kama Sura ya 40B, inayomruhusu mjenzi wa nyumba za bei nafuu kuomba kibali kimoja badala ya kuzunguka kila ofisi. Mji ambao nyumba zake za bei nafuu hazijafika asilimia 10 ukimkatalia, anaweza kukata rufaa ngazi ya jimbo. Ni rungu zuri. Ushauri wangu ni kwamba usilitoe mfukoni siku ya kwanza. Nenda kwanza kwenye baraza la wazee la mji, yaani ofisi inayoshughulikia mambo yao, kunywa nao kahawa yao nyepesi isiyo na ladha, sikiliza. Mara nyingi anayepinga kwa sauti kubwa kuliko wote ana mama yake anayeishi peke yake kwenye nyumba ya vyumba vinne, na ngazi zimeanza kumshinda.

Sasa niseme kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema: kinachoamua ukubwa wa jengo mara nyingi ni choo. Miji mingi ya pembezoni haina bomba kuu la majitaka, kila nyumba ina tangi lake na eneo ambako maji yake hunywea ardhini. Kanuni ya jimbo hukadiria galoni 110 za majitaka kwa siku, kama lita 416, kwa kila chumba cha kulala cha nyumba ya kawaida. Mradi wako ukifikia galoni 10,000 kwa siku, hauishii tena kwa bodi ya afya ya mji. Unahitaji kibali cha jimbo cha kumwaga maji ardhini, na kwa kawaida mtambo wa kusafisha ambao bei yake itakuondoa usingizi. Kwa hiyo mhandisi apime udongo kabla msanifu hajagusa penseli. Ukikuta udongo wa mfinyanzi, au maji ya ardhini yakiwa karibu na uso, ardhi ile ya bei chee si ya bei chee.

Na hapo ndipo chakula kinapoingia. Jiko kubwa la kupikia watu 40 linataka mtego wa kunasa mafuta yasiingie kwenye majitaka, linaongeza majitaka, linataka mpishi, bima na ukaguzi. Jiko la kupashia moto linataka sehemu ndogo tu ya hayo. Sheria ya Wamarekani Wazee ya mwaka 1965 ndiyo inayogharimia milo ya mchana ya pamoja kwa watu wa miaka 60 na kuendelea, na mlaji hutoa mchango kwa hiari yake. Kama mratibu wa milo hiyo wa eneo lako atakubali chumba chenu kiwe kituo chake, chakula kitaletwa kimepikwa, na wazee wa mtaa watakuja kula na wakazi. Majirani wakishakula humo mara tatu, vita vya mji hupungua. Lakini swali hilo huulizwa kabla ya michoro, maana linabadilisha ukubwa wa jiko, mlango wa kushushia mizigo, tangi la majitaka na hesabu ya mwaka.

Fedha za kujenga na fedha za kuendesha zinatoka mifuko tofauti, na wageni wengi huchanganya. Kifungu cha 202 cha Sheria ya Nyumba ya 1959 kilianza kama mikopo nafuu kwa mashirika yasiyo ya faida. Mwaka 1990 kikageuzwa kuwa mtaji usiorejeshwa ilimradi nyumba iendelee kuhudumia wazee wa kipato cha chini kwa miaka 40. Mkazi awe na miaka 62 au zaidi, na hulipa asilimia 30 ya kipato chake kilichorekebishwa, ruzuku ikiziba pengo. Vizuri sana. Lakini Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haimlipii mtu kodi ya nyumba, wala haimlipii wa kumsaidia kuoga miaka nenda miaka rudi. Mshahara wa mratibu wa huduma, yule anayegundua kwamba bwana wa namba 14 hajashuka siku mbili, uandike kwenye bajeti kabla ya marumaru. Nimeona jengo zuri lenye sebule iliyofungwa kwa kufuli kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuifungua.

Upande wa ujenzi nitasema machache. Sheria inataka mlango uache nafasi ya sentimita 81, na kiti cha magurudumu kipate mduara wa sentimita 152 wa kugeuka. Hivyo ni viwango vya chini, usivichukue kama lengo. Mwanasaikolojia M. Powell Lawton wa Philadelphia, pamoja na Lucille Nahemow, walieleza mwaka 1973 kwamba kadiri uwezo wa mtu unavyopungua ndivyo mazingira yanavyozidi kumwamulia maisha. Anayehamia akiwa na miaka 72 na kigari cha mpira wa gofu atakuwa na 84 humo humo. Imarisha kuta za bafu zote tangu mwanzo ili vishikio vifungwe siku vitakapohitajika. Usimuulize mwombaji anaumwa nini. Sheria ya haki ya makazi, tangu marekebisho ya 1988, inawalinda wenye ulemavu. Na angalia ramani ya basi: gari la wenye ulemavu linalolazimishwa na sheria hufuata njia ya basi, kiasi cha kilomita 1.2 kila upande. Basi lisipopita, hilo gari halipo.

Nikipiga simu nyumbani Moshi, shangazi bado husema kazi yangu ni kujenga mahali pa watu kutupia wazazi. Zamani nilikuwa nabisha. Siku hizi namsimulia habari za mama mjane mwenye nyumba ya ghorofa, anayeshinda na televisheni, watoto wake wako California, na jirani wa karibu humpungia mkono kutoka ndani ya gari. Shangazi hunyamaza kidogo, kisha huuliza kama huyo mama anakula na nani.

Masanduku ya barua sasa nayaweka ndani, ubavuni mwa chumba cha chakula, pamoja na benchi lenye mikono ya kujiinulia. Mtu wa posta hufika saa tano na nusu hivi. Saa tano benchi limeshajaa.