Nyangumi wa Watamu huja na kusi, kwa hiyo jipange

Ukitaka kuona nyangumi Watamu, kubali kwanza kwamba utalowa. Nyangumi wa nundu hufika pwani ya Kenya kuanzia Julai hadi Septemba, wengine huchelewa mpaka Oktoba, na hiyo ndiyo miezi ya kusi. Upepo unavuma, mawimbi yanapanda, maji yaliyo kati ya ufuo na mwamba wa matumbawe yanavurugika. Anayetaka matumbawe na samaki wa rangi asubiri kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari inapotulia na maji kuwa maangavu. Ukiambiwa utapata vyote viwili kwa ubora uleule ndani ya wiki moja ya Agosti, anayekuambia anauza tiketi.

Hifadhi ya bahari ya Watamu yenyewe, iliyotengwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, si kubwa na iko karibu na ufuo. Nyangumi kwa kawaida wako nje yake, kilindini, ng'ambo ya mwamba. Boti hutoka kupitia mlango wa mwamba, na hapo ndipo wasiozoea hujuta kifungua kinywa walichokula. Kula kitu kikavu, mkate au muhogo wa kuchemsha, nusu saa nzima au zaidi kabla ya kupanda. Dawa ya kichefuchefu nayo imeze mapema. Ukiimeza ukiwa umeshaanza kutapika haikusaidii kitu. Kaa karibu na tezi, yaani nyuma ya boti, maana omo, upande wa mbele, ndiyo inayorushwa zaidi, na macho yaelekeze mbali, si kwenye simu. Ondokeni alfajiri. Mchana upepo huongezeka, na povu la mawimbi likishajaa kila mahali huwezi tena kutofautisha pumzi ya nyangumi na wimbi lililovunjika.

Pumzi ndiyo unayoitafuta: wingu jeupe la mvuke linaloinuka ghafla, linakaa kidogo, linapeperuka. Baada ya hapo unaona mgongo, halafu akizama kwa kina anainua mkia. Upande wa chini wa mkia una mabaka meusi na meupe ambayo hayafanani kwa nyangumi wawili, na kwa picha za mikia hiyo watafiti humtambua mmoja mmoja. Kwa hiyo ukiwa na kamera, lenga mkia, na ukipata picha nzuri usiiache ikae kwenye simu tu. Wapo watu Watamu, hasa Watamu Marine Association, na mtandao wa Kenya Marine Mammal Network, wanaokusanya taarifa hizo. Andika tarehe, saa na mahali.

Sasa jambo ninalolipa uzito kuliko yote: chagua nahodha kabla hujachagua boti. Boti lenye mashine mbili kubwa na kivuli kizuri halina maana kama anayeliendesha anamfukuza mnyama. Muulize ufuoni, kabla ya kulipa: ukimwona nyangumi mwenye mtoto unafanyaje? Jibu zuri ni kwamba anapunguza mwendo akiwa bado mbali, anakwenda sambamba naye kwa ubavuni, hamkatizi mbele, haingii kati ya mama na mwana, na anakaa umbali wa mita 100 au zaidi. Akikuambia "nitakufikisha umguse", tafuta mwingine.

Safari niliyoifurahia zaidi tulikuwa na mzee mmoja asiye na maneno mengi. Mama na mwanawe walitokea mkono wa kushoto. Akalegeza mashine papo hapo. Abiria mmoja akapiga kelele, "Kapteni, songa kidogo basi!" Mzee hakugeuka. "La, dada. Yule ana mtoto. Akitaka kuja atakuja mwenyewe." Tukakaa tukiyumba. Upepo ulipogeuka tuliisikia pumzi ya mama kabla ya kumwona tena, mkoromo mzito, na harufu ya samaki waliooza ikatufikia. Mtoto, urefu wake kama boti letu dogo, alikuwa akirusha kichwa nje ya maji bila mpango wowote.

Mzee alikuwa na sababu. Nyangumi hawa hula kule Antaktika, kisha husafiri kuja maji ya joto kuzaa na kupandana, na wakiwa huku karibu hawali chochote. Mama ananyonyesha kwa mafuta aliyokuja nayo mwilini, na mafuta hayohayo ndiyo ya kumrudisha. Kila boti linalomfanya akimbie linamtumilia akiba.

Kuna siku utarudi hujaona kitu. Ndiyo maana nashauri usifunge safari ya siku moja kutoka Mombasa. Lala Watamu angalau siku mbili tatu. Mara nyingi pomboo watakufariji. Papa potwe, yule papa mkubwa kuliko wote, je? Kwa huyo msimu ni mwingine, na mimi ningekwenda Kilindoni, kisiwani Mafia, Tanzania, kati ya Oktoba na Februari.

Siku ambayo bahari haiendeki, nenda Mida, hori la mikoko lililo karibu na Watamu, kutazama ndege. Usiende saa yoyote tu, ulizia maji. Yakiwa yamekupwa kabisa ndege wametawanyika mbali kwenye matope. Nenda yanapoanza kujaa, ndege wanasukumwa kuja karibu na mikoko. Tafuta mmoja mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi, anayekamata kaa, kwa Kiingereza crab plover. Huyo hutaga kwenye mashimo anayochimba mchangani, huko Oman na Ghuba, kisha huja huku kwa mamia. Chukua darubini, hata ya kuazima.

Kwa kasa, tembelea kituo cha Local Ocean Conservation, wanakotibiwa walioumia na wale walionaswa na nyavu. Usiku ufuoni usiwashe tochi ovyo. Kasa anayepanda kutaga akiona mwanga hugeuza njia.

Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, si pesa taslimu, na raia hulipa kidogo kuliko mgeni, hivyo beba kitambulisho. Malizia malipo ukiwa hotelini, mtandao ungali mzuri. Ukitoka Mombasa kwa matatu ya Malindi, shuka Gede. Tuktuk za Watamu ziko palepale njiapanda.