Kopo limeandikwa "natural", je nikimeza vitamini hii sidhuriki na gluteni?

SWALI: Habari dada. Naishi Tabata, nina watoto wawili. Nimesumbuliwa na tumbo muda mrefu na damu kila nikipima iko chini, mwisho daktari akanipima akasema nina seliaki, nisile ngano, shayiri wala rai. Chapati na maandazi nimeshaacha. Sasa wifi yangu kaniletea kopo la vitamini toka Kariakoo, mbele limeandikwa "natural", muuzaji kasema halina shida. Nimeze? Na vidonge vya kuongeza damu nilivyopewa hospitali navyo vipi?
Mama wa Tabata

JIBU: Pole sana mdogo wangu, na hongera kwa kuacha chapati maana najua sio kazi ndogo. Hilo kopo usilimeze kwanza. "Natural" haikuambii kitu kuhusu gluteni, ile protini ya ngano, shayiri na rai inayomdhuru mwenye seliaki, hata ngano yenyewe ni ya asili si ndio? Geuza nyuma usome yale maandishi madogo. Kidonge sio vitamini tupu, vitamini yenyewe inakuwa kidogo mno kwahiyo kiwandani wanaongeza vitu vya kukijaza na kukishikanisha, mara nyingi wanga. Wanga wa mahindi, viazi au muhogo hauna neno. Ukiona wheat (ngano), barley (shayiri), rye (rai) au malt (kimea, mara nyingi cha shayiri), rudisha. Angalia sana wheat germ oil (mafuta ya kiini cha ngano) kwenye vitamini E, unga wa majani ya ngano na shayiri kwenye zile poda za kijani, na brewer's yeast, hiyo ni hamira inayobaki kwenye utengenezaji wa bia, na bia inatoka kwenye shayiri. Ikiandikwa "starch" (wanga) tu bila kusema ya nini, muulize mfamasia, na kama naye hajui chukua nyingine. Gelatin, cellulose na magnesium stearate zisikutishe, hazina gluteni.

Kopo lenye maneno "gluten free" ndio la kutafuta. Marekani kwa mfano sheria yao ya 2013 inataka bidhaa yenye maneno hayo iwe na gluteni chini ya miligramu 20 kwa kilo, na inahusu mpaka vitamini za kopo. Muuzaji kukwambia kwa mdomo sio sawa na hivyo hata kidogo.

Vidonge vya damu vya hospitali USIACHE. Dawa nyingi wanga wake ni wa mahindi au viazi, we nenda na boksi lake kwa mfamasia asome karatasi ya ndani, akiwa na wasiwasi akubadilishie kampuni. Meza na maji au juisi ya chungwa, chai subiri baadaye maana inazuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Halafu kabla hujanunua kopo lingine muulize daktari umepungukiwa nini hasa. Seliaki inaharibu utumbo mwembamba ndo maana wengi wanakosa chuma, foleti (vitamini B9), vitamini D, B12 na zinki, lakini sio kila mtu anakosa vyote, na vitamini A au chuma ukizidisha inadhuru. Jambo jingine watu hawaliwazi, unga wa ngano wa viwandani hapa kwetu unaongezwa chuma na foleti, kwahiyo ukiacha mkate umeacha na hivyo. Fidia kwenye maharage, mchicha, kisamvu, dagaa, maini. Uji wa lishe sio wote salama, mwingine umechanganywa na ngano, na hata ulezi wako ukiusagisha kwenye mashine iliyotoka kusaga ngano unachafuka. Bora usagiwe asubuhi mashine ikiwa imesafishwa, au utafute mashine isiyosaga ngano kabisa.

Na watoto wako wapeleke wakapimwe, ugonjwa huu unatembea kwenye damu ya familia. Ila tafadhali usiwaachishe mkate kabla ya kipimo, wakiwa hawali ngano kipimo kinaweza kuonyesha hawana kumbe wanao.