Maswali yenu ya diski: picha za marehemu, eksteno ya TB 16 na ile inayolia tik tik

Wiki hii meseji zimekuja nyingi na karibu zote zinauliza kitu kimoja, wapi pa kuweka mafaili ya nyumbani yakakaa salama. Nimechagua hizi chache zinazowagusa wengi, ambao sijawafikia mnivumilie.

Fundi shikamoo. Nataka kununua eksteno ya kuweka picha za harusi yangu na video za marehemu baba, nichukue kampuni gani ambayo haifi? Dada wa Tabata

Marahaba dada yangu, na poleni sana kwa msiba wa mzee. Diski isiyokufa haipo, nakwambia mapema usije ukamaliza hela kuitafuta. Diski za kuzunguka, zile zenye sahani ndani, siku hizi dunia nzima wanazitengeneza watatu tu, Seagate, Western Digital na Toshiba, yale majina mengine unayoyaona kwenye maboksi pale Kariakoo ukifungua ndani utakuta ni ya mmoja wa hao hao. Sasa kuna kampuni ya Marekani inaitwa Backblaze, kazi yao kuwatunzia watu mafaili, wana diski zaidi ya laki mbili zinazozunguka usiku na mchana na tangu 2013 wanaweka kumbukumbu za kila inayokufa na wanazitoa hadharani mtu yeyote asome. Miaka ya karibuni kwao katika kila diski 100 zinakufa moja mpaka mbili kwa mwaka. Na ukizipitia zile hesabu unaona kampuni moja hiyo hiyo ina modeli inayodumu miaka na miaka na ina modeli nyingine inakufa hovyo, kwahiyo anayekuambia "chukua jina fulani utalala usingizi" anakupa nusu ya habari.

Mimi ningekuwa wewe badala ya diski moja kubwa ya TB 4 (TB 1 ni kama GB elfu moja) ningenunua mbili za TB 2, na zisiwe za kampuni moja, kwasababu ukichukua mapacha kutoka boksi moja zinaweza kuwa na ugonjwa mmoja. Picha zote ziende kote kuwili. Halafu kabla hujatoka dukani mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake yenye CrystalDiskInfo, ni programu ya bure, inaonyesha diski imewashwa jumla ya saa ngapi tangu izaliwe. Inayouzwa mpya inatakiwa isome sifuri au saa chache tu, ukiona saa elfu kumi hiyo imeshafanya kazi kwa mtu mwingine ikapigwa kava jipya. Rudisha palepale.

Nimeona mtandaoni eksteno SSD, ile ya chipu isiyozunguka, ya TB 16 wanauza elfu 50 na ofa inaisha leo, nichukue? Kaka wa Mbagala

Usichukue kaka, tafadhali sana. Kijana mmoja aliniletea ya aina hiyo mwezi uliopita, ameweka video zote za kazi yake ya harusi, ukifungua folda majina yote yapo na saizi zipo ila hakuna hata moja inayocheza. Nikaingiza kisu cha plastiki pembeni ya kava likaachia. Ndani kulikuwa na bodi ndogo ya USB, juu yake imechomekwa memori kadi kama ya simu, na pembeni kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ili mkononi isikie uzito. Basi. Yule kijana alikaa kwenye stuli yangu muda mrefu bila kusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia, kwasababu video zenyewe hazikuwahi kuandikwa popote.

Wanachofanya ni kuidanganya kompyuta, ile chipu inasema mimi nina TB 16 wakati ina GB 64 za kweli, ikijaa inaandika juu ya zile za mwanzo au inatupa tu na haikwambii kitu. Dawa yake ni kuijaribu siku ileile ya kununua kabla hujaweka chochote cha maana. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, inaijaza diski mpaka mwisho kisha inasoma kila ilichoandika, na kwenye Linux na Mac kuna F3 inayofanya hivyohivyo. Inachukua masaa, iache usiku kucha. Na usishtuke ukikuta TB 1 halali inasoma GB 931, huo sio wizi, mtengenezaji anahesabu kwa elfu elfu na Windows inahesabu kwa 1,024.

Eksteno yangu ilianguka kutoka mezani, sasa inalia tik tik tik na haionekani kwenye laptopu. Rafiki kaniambia niifunge kwenye mfuko niiweke friza. Msomaji wa Nairobi

Chomoa sasa hivi ndugu yangu, hata kabla hujamaliza kusoma hapa. Usiiweke friza na usiigongegonge.

Ngoja nikueleze kinachotokea humo ndani. Kuna sahani zinang'aa kama kioo, kwa hizi za kawaida zinazunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde, na juu yake kuna kichwa kidogo kinachosoma, hakigusi sahani, kinaelea kwa pengo dogo kiasi kwamba unywele wako ni mnene kuliko hilo pengo mara maelfu. Ikianguka kile kichwa kinaweza kupinda au kukatika. Ule mlio ni mkono unakwenda kutafuta alama yake, unaikosa, unarudi, unakwenda tena. Kila ukiiwasha unaweza kuwa unakwangua. Nimewahi kufungua diski ya mtu iliyokuwa imewashwa hivyo wiki nzima "ili ijaribu", juu ya sahani kulikuwa na duara la kijivu limechimbwa kama njia ya ng'ombe, na vumbi lake jeusi limetapakaa mpaka kwenye kichujio. Ile njia ndiyo picha zake zenyewe, zimegeuka vumbi. Hakuna fundi duniani anayerudisha hapo. Na friza inaleta unyevu kwenye sahani, unaongeza tatizo juu ya tatizo.

Kama vilivyomo havina thamani kubwa kwako achana nayo ununue nyingine. Kama ni vya maana tafuta watu wenye chumba kisafi kabisa kisicho na vumbi na vichwa vya modeli ileile, waulize kabisa kabla hujawapa, mnafungulia wapi? Akikujibu hapahapa mezani, mshukuru uondoke na diski yako. Bei yao ni kubwa, sikufichi, mara nyingi inapita bei ya diski mpya kwa mbali.

Si kuna ile SMART, ripoti ya afya inayotolewa na diski yenyewe, inayosema diski ni nzima? Yangu inasema nzima, nina haja ya bakapu? Mwanafunzi, Dodoma

Haja unayo. Watafiti wa Google mwaka 2007 walitoa utafiti wa diski zaidi ya laki moja, na zaidi ya theluthi ya zilizokufa hazikuwa zimetoa dalili yoyote ya kuharibika kwenye SMART. Ikikwambia mbaya iamini na uhamishe vitu siku hiyohiyo, hasa ukiona namba 5, 197 au 198 zinapanda, hizo zinahesabu sehemu zilizoharibika. Ila ikikwambia nzima usiilalie.

SSD au ya kuzunguka? Kaka wa Mwanza

Kwenye laptopu weka SSD, ni nyepesi, ina kasi na ikianguka haina sahani ya kukwanguliwa. Ya kuhifadhia kabatini chukua ya kuzunguka, kwa bei ileile unapata nafasi kubwa zaidi. SSD ikikaa miaka bila umeme inaweza kuanza kusahau, na ukifuta kitu kwa bahati mbaya mara nyingi hakirudi, maana yenyewe inasafisha nafasi nyuma yako.

Assalam alaykum fundi. Sisi Unguja nyumba iko karibu na bahari, umeme ukikatika unarudi kwa kishindo, diski tuitunze vipi? Bibi wa Zanzibar

Waalaykum salaam bibi, shikamoo. Chumvi na unyevu vinakula vile vidole vya shaba vya kwenye waya na bodi, kwahiyo ukishamaliza kuitumia weka kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, utie na vile vipakti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na vikizeeka badilisha. Kwa umeme, kompyuta ya mezani itafutiwe UPS, ile betri inayoshikilia umeme ukikatika, hata ndogo ya dakika kumi inatosha uzime kwa utaratibu. Eksteno chomoa ukimaliza, isibaki ukutani usiku kucha.

Nafanya kazi Muscat, picha zangu zote ziko kwenye simu na Google, familia iko Tanga. Hiyo inatosha? Msomaji wa Muscat

Haitoshi kaka. Zile GB 15 za bure za Google zinagawanywa na barua pepe, na tangu Juni 2021 kila picha mpya unayopandisha inahesabiwa humo, zikijaa picha mpya haziendi na wengi hawagundui. Halafu ukifuta picha kwenye simu kwa kawaida na kule inafutika, inakaa kwenye pipa siku 60 kisha basi.

Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, ndiye aliyetangaza hesabu ya 3-2-1, nakala tatu, kwenye aina mbili za kuhifadhia, na moja ikae mbali na nyumbani. Wewe Mungu kakurahisishia, nyumba unazo mbili. Nunua eksteno mbili huko, moja ibaki kwako ila isikae imechomekwa, maana virusi vya kufunga mafaili vikiingia kwenye kompyuta vinafunga na kila kilichochomekwa, WannaCry ya Mei 2017 iliwakuta hata mahospitali ya Uingereza. Ya pili ifunge kwa paswedi kwa VeraCrypt, ni ya bure, kisha mpe ndugu anayerudi likizo aibebe kwenye begi la mkononi, asiiweke kwenye mzigo. Paswedi usiitume pamoja na diski, mpe dada yako kwa simu aiandike kwenye daftari lake, kwasababu ikipotea hakuna wa kuifungua, mimi wala mwingine. Ikifika Tanga mpigie video dada yako, afungue picha tatu nne za miaka tofauti na video moja mpaka mwisho mkiwa mnaangalia wote wawili, na mpaka hapo usifute kitu chochote kwenye simu yako.