Jibu kwa mleta mada: mama anarudi kutoka kwa mshauri akilia zaidi, aendelee au aache?

Mleta mada, pole sana kwa msiba wa kaka yako. Umeandika kwamba ni mwaka wa pili tangu afariki kwa ajali, mama hajakanyaga chumbani kwake, barabara ile haipiti, na tangu aanze kuonana na mshauri nasaha anarudi macho yamevimba kuliko alivyoondoka. Umeuliza mambo matatu: aendelee au aache, dawa za usingizi zinafaa, na kama mkitoe chumba vitu siku akisafiri. Mimi si mtaalamu. Mume wangu alikufa ghafla, mimi ndiye niliyemkuta, na nimepita mikononi mwa washauri wawili wenye mitindo tofauti kabisa. Nyongeza nyingine hapa nimezipata kwa kusoma baadaye, maana nilitaka kujua nilifanyiwa nini.

Machozi ya baada ya kikao peke yake hayakuambii kitu. Kwa mshauri wa kwanza nilikuwa natoka nimetulia kabisa, kwa sababu tulizungumza kila kitu isipokuwa kifo chenyewe. Alikuwa msikivu, mpole, akanifundisha kupumua taratibu. Nilimpenda. Nikifika nyumbani hali ni ileile, silali, simu ya marehemu naichaji kila usiku. Kwa yule wa pili nilitoka natetemeka, na huyo ndiye aliyenivusha. Kwa hiyo chunguza wanafanya nini humo ndani kabla ya kupima machozi.

Ifahamike kwanza kwamba wafiwa wengi hawahitaji tiba. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya 2013, halishauri kila aliyefiwa apewe tiba maalumu ya kisaikolojia. Huzuni ya wengi hupoa kadiri siku zinavyokwenda, wakiwa na watu wao. Wapo wachache ambao kwao haipoi. Uchambuzi wa tafiti uliotoka 2017 uliwakadiria kuwa kama mmoja katika kila wafiwa 10 pale kifo kilipokuwa cha kawaida. Kikiwa cha ajali, mauaji au kujiua, sehemu hiyo huongezeka sana. Hali hii imeingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la 11, lililoanza kutumika 2022: majonzi makali yaliyozidi miezi 6, yaliyopita mno kile ambacho jamii na dini ya mtu inakitarajia, na yaliyovuruga maisha yake. Mwongozo wa Wamarekani wa kutambua magonjwa ya akili, wa mwaka huohuo, unataka mwaka mzima kwa mtu mzima. Msihesabu sana miezi, lakini. Tazameni kama hamu ya marehemu inamteka karibu kila siku na kama kuna chochote kingine bado kinaendelea maishani mwake.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo ningependa lisomwe kwa utulivu. Kiwewe na majonzi hukaa mwilini pamoja, ila vinavuta pande mbili. Kiwewe ni hofu: picha ya tukio inajileta yenyewe, mlango ukigongwa unaruka. Majonzi ni hamu: unamtafuta, unasikia hatua zake, unataka kukaa na vitu vyake. Hata kukwepa kwake ni kwa namna mbili. Mama anakwepa barabara pengine kwa sababu inamrudishia ajali, na anakwepa chumba kwa sababu akikifungua atamkuta hayumo. Kwa maelezo yako anavyo vyote viwili, na mshauri asipovitenganisha atabaki anatibu nusu ya mtu.

Kwangu walianza na ile picha. Kila nilipotaka kumkumbuka mume wangu akicheka, nilipata sura ya siku ile tu, na mtu ambaye humwoni hai akilini huwezi hata kumlilia vizuri. Zipo njia kadhaa za kushughulikia hilo. Ipo ya mazungumzo, ambapo unalisimulia tukio hatua kwa hatua na kuyapima mawazo yaliyojijenga juu yake, hasa ile hatia ya “ningewahi”. Ipo pia ile iliyobuniwa na Francine Shapiro mwishoni mwa miaka ya 1980, ambapo unaishika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kidole cha mtaalamu kikienda na kurudi. Mimi nilipata ya kwanza. Kuhusu hatia, mshauri hakuniambia “usijilaumu”, maneno ambayo kila mtu alikuwa ameshaniambia bure. Alinitaka nieleze nilikuwa najua nini saa ile, kabla ya kujua mwisho wake. Tulipoyaweka yote mezani, nilichokuwa najua kilikuwa kidogo sana.

Baada ya hapo ndipo tulipoingia kwenye majonzi yenyewe. Tiba niliyofanyiwa imejengwa na Katherine Shear wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, na kwa kawaida ina vikao 16. Katika utafiti wake wa 2005, asilimia 51 ya waliopata tiba hiyo walipata nafuu, dhidi ya asilimia 28 ya waliopata tiba nyingine ya mazungumzo. Kwa hiyo haiponyi wote, lakini tofauti si ndogo. Unafumba macho, unasimulia namna ulivyopata kujua kwamba amefariki, kana kwamba inatokea sasa hivi. Inarekodiwa. Nyumbani unaisikiliza, kisha unaizima na kufanya kitu cha kukupumzisha, kwa makusudi. Nilidhani huko kuizima ni mapambo tu, kumbe ndiyo nusu ya zoezi: unajifunza kuusogelea uchungu na kuuacha ukitaka. Halafu mnaorodhesha vitu na mahali unapopakwepa, mnaanza na vyepesi. Kuna kikao cha kuzungumza na marehemu kwa kufikirika na kumjibia. Nilikiogopa kuliko vyote, na ndicho ninachokishukuru zaidi.

Pamoja na hayo, mapema kabisa, aliniuliza: huzuni ikipungua ungependa kufanya nini? Nilikasirika. Niliona ananiharakisha. Baadaye nikaja kusoma kwamba watafiti Stroebe na Schut walieleza mwaka 1999 kuwa mfiwa anayeendelea vizuri huenda na kurudi kati ya mambo mawili, msiba wenyewe na maisha yanayotakiwa kujengwa upya. Kulia asubuhi na kupanga kazi jioni si unafiki.

Kama mshauri wa mama anamwambia yuko “hatua ya hasira” na bado hatua kadhaa afike, hapo ningekuwa na wasiwasi. Zile hatua tano za Elisabeth Kübler-Ross za 1969 zilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Si ngazi ya kupandishia wafiwa. Na akimwambia amsahau, tafuteni mwingine.

Muulizeni huyo mshauri, mama akiridhia: je, wamewahi kuizungumzia siku ya ajali yenyewe? Anapewa kazi ya kufanya nyumbani? Kuna mpango, au kila kikao kinaanza upya? Majibu yakiwa ndiyo, machozi hayo yavumilieni. Kama ni hapana kote, aache kwa huyo, asiache tiba.

Dawa: miongozo ileile ya 2013 inakataza kuwapa wafiwa, kwa sababu ya msiba tu, dawa za kutuliza za jamii ya diazepamu. Za sonona ni habari nyingine. Utafiti wa 2016 ulionyesha kuwa sitalopramu, mojawapo ya dawa hizo za sonona, haikuongeza nafuu ya majonzi juu ya ile iliyoletwa na tiba, ila ilipunguza dalili za sonona kwa waliokuwa nazo huku wanaendelea na vikao. Hilo aamue daktari wa akili, si jirani aliyebakiwa na vidonge. Na akisema anatamani amfuate mwanawe, muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo na anajua atakavyofanya, asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Chumba msikiguse. Najua nia yenu ni njema, lakini akirudi akakuta kimetolewa vitu atakuwa amepoteza mara ya pili, safari hii kwa mikono yenu, na mshauri atakosa zoezi kubwa kuliko yote. Mwambieni mama amtajie mshauri chumba hicho. Siku watakapofika hapo, huenda ataanza kwa kushika kitasa tu na kurudi sebuleni. Mmoja wenu awepo nyumbani siku hiyo, bila kumsindikiza mlangoni asipoomba.