Muulize Shangazi: "Nina miaka 31, naona aibu kuanza upya"

Safari hii barua nyingi zimetoka huku kwetu nyanda za juu kusini, na ukizisoma unaona kama zimetoka kwa mtu mmoja, anataka kubadilika ila kuna kitu kinamrudisha nyuma. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu sababu najua inawagusa wengi ambao hawataandika.

Shikamoo Shangazi. Mimi nina miaka 31, ni dereva bajaji hapa Mbeya, napaki Mafiati, nina mke na mtoto mmoja. Nilimaliza form four 2012 nikapata ziro, nikaingia barabarani kama deiwaka, naendesha chombo cha mwenzangu akichoka, sasa hivi nina bajaji ya mkataba, nikimaliza hesabu ya tajiri inakuwa yangu, na nakaribia kuumaliza. Nataka kurisiti, yaani kurudia mtihani, maana kila tangazo la kazi ya udereva naloliona wanataka cheti cha form four. Shida nilipogusia tu kijiweni walicheka sana, mmoja akaniambia nikakae dawati moja na mwanangu. Toka siku hiyo nimenyamaza, hata wife sijamwambia. Kitabu ninacho ila narudi home saa nne usiku, nikikifungua nalala. Au kichwa changu ndo kizito tu Shangazi?
*Dereva, Mbeya*

Marahaba mwanangu. Nianze na hilo la kichwa kizito maana ndo lililoniuma kuliko yote. Wewe ni wa 2012. Matokeo yenu yalitoka Februari 2013 na nchi nzima ilishtuka, watahiniwa zaidi ya laki mbili, yaani zaidi ya nusu ya waliofanya ule mtihani, walipata sifuri, mpaka waziri mkuu wa kipindi kile Mizengo Pinda akaunda tume na baadaye yale matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Sasa niambie, inawezekanaje zaidi ya nusu ya vijana wa mwaka mzima wawe na vichwa vizito? Kuna shule zilikuwa hazina walimu wa hesabu wala sayansi, kuna vitabu vya kugombania, alafu kuna hili la mtoto kufundishwa kwa Kiswahili miaka saba, akiingia form one karibu kila kitu kinageuka Kingereza, anabaki kukariri asichokielewa na hakuna wa kumuuliza. Sisemi hukuwa na uzembe, hilo unalijua mwenyewe. Nasema ile ziro ilipima mambo mengi sana mbali na akili yako, na wewe umetembea nayo zaidi ya miaka 10 kana kwamba ilikupima wewe tu.

Na hebu angalia hapo katikati umefanya nini. Umetoka kwenye udeiwaka, mtu unasubiri mwenzio achoke ndo ushike chombo, leo mkataba unaisha. Kumaliza mkataba manake umepeleka hesabu kwa tajiri siku za mvua, siku za kukosa abiria, siku chombo kimelala gereji, na nyumbani wamekula. Hakuna mvivu anayefanya hivyo. Kwahiyo mi naona tatizo lako halipo kwenye kichwa wala kwenye umri, lipo kwenye kuonekana. Wakati unajifunza bajaji ulikuwa kijana mdogo, ukizimisha chombo katikati ya barabara watu wanakuelekeza wanaendelea na safari zao. Sasa hivi wewe ni baba wa mtu, kijiweni una heshima yako, na kuanza kitu usichokijua mbele ya watu waliokuzoea unajua kila kitu inauma, inauma kweli. Watu wazima wengi hatujifunzi vitu vipya kwa sababu hiyo hiyo moja tu, tunaogopa kuonekana hatujui.

Kijiweni usitangaze tena. Wale ni wenzio wa kazi na uendelee kuwapenda, lakini kwenye hili hawana msaada wa kukupa, na mtu akikucheka mara nyingi ujue naye ana ziro yake ameificha. Ila mkeo mwambie, tena leo ukirudi. Unamficha mtu ambaye ndo atakushikia mtoto siku ya mtihani, na atakayeona noti zako kabla hujamwambia akajiuliza una nini kingine unachomficha. Nina imani atafurahi kuliko unavyodhani.

Sasa kusoma. Saa nne usiku acha kabisa, mwili uliokaa kwenye bajaji tangu alfajiri na baridi yetu hii ya mwezi wa sita na wa saba hauwezi kubeba kitabu, hata profesa angelala. We mwenyewe unajua saa ambazo abiria wanakata, wanafunzi wameshaingia shule, watu wa sokoni wameshafika Mwanjelwa. Hapo ukisubiri foleni yako mnakaa mnapiga stori. Chukua foleni moja tu, moja, kila siku ile ile, paki pembeni usome kurasa mbili. Usiongeze hata ukiwa na mzuka, watu wanaoanza na masaa matatu huwa nawaona wiki ya kwanza tu.

Anza na Kiswahili na Kingereza. Kiswahili kitakupa moyo, na Kingereza ndo mlango wa mengine maana biolojia na jografia unajibu kwa Kingereza hicho hicho. We ulishafanya mtihani ukapata namba, kwahiyo QT, ule mtihani wa maarifa, haikuhusu, hiyo ni ya ambao hawakupita sekondari kwa mfumo wa kawaida. Unajisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, usajili hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka na mtihani unafanyika Novemba, nenda kwenye kituo cha mtihani kilicho karibu na wewe uulize ada na tarehe, usisubiri kuambiwa na mtu. Alama D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Zitazame hizo namba vizuri, ni kazi, ila ni kazi ya saizi ya mtu kama wewe.

Kamwene Shangazi. Nina duka dogo Makambako na watoto watatu. Kila Januari naapa nitaacha kukaripia watoto, nitaandika mauzo kila jioni na nitaamka mapema kufanya mazoezi. Kuna mhamasishaji namsikilizaga kwenye simu anasema ukifanya kitu siku 21 kinakuwa tabia. Mi sijawahi kufika hizo 21, nikikosa siku moja naona nimeharibu basi naacha vyote. Naanza kuamini nimeumbwa hivi.
*Mama duka, Makambako*

Kamwene dada. Hiyo namba 21 imewavunja moyo watu wengi sana na natamani waache kuisema. Kuna watafiti wa chuo kikuu kimoja London waliwafuatilia watu 96, kila mtu na tabia yake moja aliyochagua, utafiti ukachapishwa mwaka 2009. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kitu kianze kufanyika bila kujilazimisha, na walitofautiana sana, makadirio yalianzia siku 18 mpaka 254. Kunywa maji kuliingia haraka, mazoezi yalichelewa. Na waliokosa siku moja hawakurudi mwanzo, waliendelea tu kesho yake na tabia ikajengeka vilevile. Kwahiyo wewe hujawahi kuharibu, ulikuwa unaacha kwa sababu ya sheria ambayo haipo.

Alafu dada soma tena maneno uliyosema, wale walichagua kitu kimoja, we unabeba vitatu na duka juu. Chagua kuandika mauzo. Daftari likae pale pale unapochukulia kufuli, ukienda kufunga duka unalikuta, unaandika ndo unafunga. Basi. Mazoezi yasubiri, we unabeba magunia hayo. Kuhusu watoto nina hisia kwamba unawakaripia zaidi jioni ambazo hela haijulikani imeenda wapi, nifuatilie hilo ukishakuwa na daftari la miezi miwili uniandikie kama nimekosea.

Mambo Shangazi, mi niko Iringa, Kihesa. Nimeacha pombe, sasa nina miezi minne. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, washkaji wanakaa kilabuni kutwa, nisipoenda naambiwa najidai, nikienda na soda ndo mbaya zaidi. Nitapoteza marafiki wote?
*M., Iringa*

Wote hapana mwanangu, baadhi ndiyo, na hao siwezi kukurudishia. Kilabuni usiende kabisa msimu huu, hata na soda, miezi minne bado ni michache. Watafute mmoja mmoja sehemu zingine, mpirani, kwenye msiba, kwenye kumsaidia mtu kuhama, na usiwahubirie hata kidogo kuhusu pombe. Mmoja akikuvuta pembeni akakuuliza uliwezaje, huyo kaa naye umwambie yote, pamoja na zile siku ulizotetereka.